Mkanda wa Njano na Sahani Iliyofunikwa

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kupika chakula ambacho watu walikuwa wameshakilipia kabla sijawasha moto. Nimepika kwenye kambi za barabara, migahawa ya uchochoroni, na banda la mabati kule Mtumba wakati majengo ya wizara yalikuwa bado mashimo na nondo. Kote huko palikuwa na watu waliotoa pesa mapema ili wasihangaike baadaye, na mimi nilikuwa nyuma ya sufuria nikiwaangalia wanavyokula, au wasivyokula. Kwa hiyo mjukuu wangu Rehema aliponigeukia mbele ya dirisha la tiketi na kuniuliza, "Babu, wewe ulikuwa mpishi. Tuchukue mikanda ya chakula au tuache?" nilijisikia kama mtu aliyeitwa tena kazini baada ya kustaafu. Hata suruali niliipandisha kidogo.

Nawaandikia nyinyi vijana kwa sababu najua mtasimama mbele ya dirisha kama lile. Litakuwa la chakula, la simu, la king'amuzi, la bwawa la kuogelea. Atakuwepo binti mwenye tabasamu na bango lenye herufi kubwa, na nyuma yenu foleni inakohoa.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Rehema alikuwa ameanza kazi ofisini Mtumba, mshahara wake wa kwanza, na alikuwa amewaahidi wadogo zake, Isa na Mariamu, kwamba atawapeleka kwenye kile kiwanja cha michezo nje kidogo ya mji, chenye treni ya watoto, majumba ya kuruka yaliyojazwa upepo, na lile gurudumu kubwa lenye viti vinavyoning'inia. Mama yao, ambaye ni binti yangu, alikuwa kazini, kwa hiyo mimi nilichukuliwa kama mzee wa msafara. Mariamu hakuzungumzia kitu kingine wiki nzima ila gurudumu. Rafiki yake wa shule, anayekaa jirani yetu hapo Makole, alimwambia ukiwa juu kabisa unaiona Dodoma yote, mpaka nyumba yenu, mpaka nguo zilizoanikwa.

Pesa ya siku ile Rehema aliitenga. Iliyobaki ya mshahara ilikuwa na kazi zake, na yeye si mtu wa kuchokonoa pesa yenye kazi. Sasa hapo dirishani kukawa na bango: KULA SIKU NZIMA KWA MKANDA MMOJA. Mkanda wenyewe ni wa karatasi ngumu ya njano, unafungwa mkononi. Tukichukua mikanda minne, watoto wangepanda treni tu, gurudumu wangelitazama kutoka chini. Tusipochukua, gurudumu lingewezekana, lakini tungekula nini kuanzia saa tano mpaka jioni, na bei za mle ndani zinajulikana?

"Mimi sina njaa," alisema Mariamu haraka.

"Sasa hivi huna," alisema Isa. "Ngoja saa saba uanze kulia kama king'ora."

Rehema alitoa simu akapiga hesabu mbele yangu. Chips kuku kwa bei ya ndani, watu wanne, mara mbili, pamoja na vinywaji. Mkanda ulikuwa nafuu. Nilitazama, hesabu ilikuwa sawasawa, sikuwa na ugomvi nayo.

"Basi nilipe?"

"Subiri kwanza."

"Babu, foleni!"

"Foleni haina mguu, haitukimbii. Twendeni pale kwenye benchi."

Nilimwona anapumua kwa nguvu kama mama yake. Lakini alinifuata. Na yale niliyomwambia kwenye lile benchi ndiyo ninayowaambia nyinyi, ingawa hapa nimeongeza chumvi kidogo kwa sababu hamna foleni.

Mimi shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Lilipita lori la vitunguu karibu na kwetu Singida, nikataka kujua vitunguu vyote vile vinakwenda kuliwa na nani. Nikapanda. Jibu nililipata Manyoni, jikoni mwa mgahawa wa stendi, ambako nilipewa sahani za kuosha na sikutoka tena kwenye kazi ya chakula mpaka magoti yalipokataa. Sikukaa mahali pamoja. Nikishajua sufuria la mahali linavyochemka na watu wake wanavyogombana, miguu inaniwasha. Mama mmoja wa pale Manyoni alikuwa akiniambia, "Salehe, wewe ungezaliwa ng'ombe ungekufa njaa, majani yangekushinda kwa kutaka kuona ya mbele."

Chakula cha kulipia mbele nilikutana nacho kwa mara ya kwanza kwenye kambi ya barabara, upande wa Chemba. Vibarua walikuwa wakikatwa sehemu ya malipo yao, sisi tunawapikia asubuhi na mchana. Niliona ni mpango usio na mjadala. Pale porini palikuwa na nini? Vichaka, mawe, na vumbi. Mtu asipokula kwetu angekula tofali?

Alikuwepo kibarua mmoja wa huko huko, Yohana, mmoja wa wale ndugu zetu wenye lugha ya vidoko, ya kugonga ulimi kinywani, ambayo nilijaribu kujifunza mpaka ulimi ukanivimba na kambi nzima ikacheka. Yohana alikataa kukatwa. Nikamfuata.

"Yohana, hapa hakuna hata duka. Utakula nini?"

"Duka hakuna," alisema. "Chakula kipo."

"Kiko wapi?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mpishi, wewe unapita hapa ukitazama barabara."

Mchana wenzake walipopanga mstari, yeye alitokomea kichakani akarudi na asali ndani ya kibuyu, siku nyingine mizizi mitamu ambayo sijui jina lake mpaka leo, siku nyingine alikuwa amepita kwa shangazi yake kijiji cha pili. Kwetu alikuja siku ya nyama tu, akatoa pesa taslimu, akala akashukuru. Nilimfuata mara kadhaa ili nione anachokiona. Nilichokiona mimi ni miiba. Lakini nikaelewa jambo: kabla hujalipia chakula cha mahali kwa sababu "hakuna kingine," zunguka kwanza. Mwenye kuuza ndiye anayefurahi ukiamini hakuna kingine.

"Kwa hiyo tuchimbe mizizi?" aliuliza Isa.

"Wewe ungechimba hata bomba la maji," nikamjibu.

Kwenye kambi hiyo hiyo niliona ugonjwa mwingine, na huu nyinyi mnao. Jumapili tulikuwa tunapika pilau. Kulikuwa na dereva wa greda, jitu la watu, lililokuwa linakatwa kama wengine. Aliamua kwamba sahani moja hairudishi pesa yake. Akala ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne nilimsikia anajiambia kwa sauti, "Hapa sasa nairudisha." Baada ya hapo tulimbeba kwa toroli la zege mpaka kivulini, analia kama mama anayejifungua, na kesho yake hakufanya kazi wala hakulipwa. Ile siku ilimla yeye. Mtu akishalipa mbele, tumbo linaacha kuwa tumbo, linakuwa mdai. Nikamwonyesha Rehema lile gurudumu likizunguka na viti vyake vikiyumba. "Mtoto aliyekula ili pesa irudi," nikasema, "ukimpandisha pale, pesa itarudi kweli, na waliokaa viti vya chini wataipokea."

Mariamu alicheka mpaka akaziba mdomo. Rehema naye, lakini kwa upande, maana alikuwa bado anatazama foleni.

Sasa niwaambie kuhusu neno mwezi. Niliporudi mjini nilipika katika mgahawa mdogo hapo hapo Makole, wateja wetu wengi madereva wa maofisi. Mwenye mgahawa akaniachia nitangaze chakula cha mwezi: lipa mara moja, kula mchana mwezi mzima. Nikatangaza kwa kinywa kipana. Wakalipa. Nikajiona mfanyabiashara.

Shida ilianza mwezi ulipoisha. Au haukuisha. Dereva mmoja, Mkristo wa Mpwapwa, akasema mwezi ni mshahara, na mshahara umechelewa, kwa hiyo yeye bado anakula. Mwingine akanionyesha kalenda ukutani, akasema mwezi wenu una Jumamosi na Jumapili ambazo mgahawa ulifungwa, nirudishie siku zangu. Wa tatu, mzee wa Kondoa, kanzu yake safi daima, alilipa siku ulipoandama mwezi. Nikamwambia, "Mzee wangu, wa kwako umekwisha." Akatoka nje mchana kweupe, akainua uso angani, akarudi ndani akakaa.

"Wewe umeuona?" akaniuliza.

"Nimeona nini, Mzee?"

"Mwezi mpya. Mimi sijauona. Lete wali."

Mgahawa mzima ulishangilia. Nikaleta wali. Ningefanyaje? Mimi mwenyewe nilisema mwezi bila kusema mwezi wa nani, na neno moja likawa sufuria tatu. Toka siku hiyo, nikiona neno kubwa kwenye bango, naliuliza maana yake kwanza.

Rehema akalitazama bango. KULA SIKU NZIMA. Akainuka bila kuniambia kitu, akaenda dirishani pembeni ya foleni, na mimi nikamfuata taratibu na magoti yangu.

"Samahani dada," alisema, "hii siku nzima inaanza saa ngapi?"

Binti wa dirishani aliniona mimi nyuma. "Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Poleni na jua."

"Tumeshazoea. Chakula ni saa sita mpaka saa tisa."

"Basi hiyo ni siku ya kuku," nikasema. "Jua halijazama, yeye ameshalala."

Alicheka, si binti mbaya. Rehema akaendelea kuuliza, na kila swali alilouliza lilikuwa zuri kuliko langu. Soda imo? Soda pembeni. Maji? Chupa moja. Ukirudi kuchukua tena? Unarudi, ila unapanga mstari upya. Simu ikatoka, hesabu ikapigwa tena, na safari hii mkanda na bei ya kawaida vilikaribiana kama ndugu mapacha. Si hasara wala si nafuu. Nilimwona anakuwa mgumu zaidi wa kuamua. Ingekuwa hasara ya wazi angeiacha. Tulirudi kwenye benchi, Isa ameshaanza kulalamika kwamba tumekuja kucheza mchezo wa benchi.

"Vikilingana," alisema Rehema, "bora mkanda. Angalau nina uhakika watoto watakula. Sitaki nimpigie mama simu nimwambie wanashinda njaa na pesa nimemaliza kwenye gurudumu." Sauti yake ilikuwa chini. Ndipo nilipoona anabeba nini. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuwa yeye ndiye mwenye pesa, na aliogopa kukosea mbele ya watu anaowapenda.

Nikamwambia habari za Mama Zaina. Sikuwa nimepanga.

Mama Zaina alitoka Kondoa na majiko yake, masufuria yake na binti yake Zaina, akafungua banda pale Mtumba ujenzi ulipopamba moto. Mimi nilimkuta hapo, nikaomba kazi ya siku moja nione anavyopika mlenda wake usiokatika, nikakaa mpaka mwisho. Hakuna mahali nimekaa muda mrefu kama pale. Alfajiri upepo wa ule uwanda unapuliza vumbi jekundu, mafundi wanakuja wamejifunika nyuso kama majambazi, na harufu ya maandazi inawavuta mmoja mmoja kutoka kwenye zile kuta zisizo na paa. Nikipita leo kwenye vioo vile na maua yale, nasikia bado mtu anaita, "Mpishi, ukoko wangu!"

Waliolipia mbele kila mmoja alikuwa na sahani yake ya bati, na Zaina alizitia alama kwa chini kwa rangi ya kucha: nyekundu, ya waridi, ya zambarau, nukta mbili, msalaba, nyota. Asubuhi tunazipanga kwenye benchi refu. Anayefika anachukua yake. Mchana ukipita, sahani zinazobaki pale ni za wasiokuja. Na hapo ndipo mimi na Mama Zaina tulipokuwa tunagombana kila siku ya Mungu, kwa sababu yeye aliwapakulia wasiokuja, akafunika sahani kwa sahani, akaziweka kando zisipate vumbi.

"Mama, huyu hajaja, na pale nje wapo watu wana pesa mkononi. Tuwauzie."

"Na akija?"

"Saa tisa hii? Haji."

"Salehe, akija nimpe nini? Nimpe pole?"

Jirani yetu, bwana mmoja mwenye banda la turubai, alikuwa na mpango kama wetu, lakini saa nane ikigonga alifungua sufuria kwa yeyote. Udadisi ulinipeleka kwake. Alinieleza bila kuficha, wala hakuwa mwizi, masharti yake alikuwa ameyatangaza. "Kaka," aliniambia, "faida haiko kwa anayekula. Faida iko kwa asiyekuja." Na wasiokuja ni wengi, vijana wangu. Mtu akilipa anajiona mchana wote yuko pale. Hakumbuki kwamba kuna msiba wa jirani atakakokula, harusi, kufunga, kwenda mjini kufuatilia cheti, rafiki aliyepata pesa akasema leo ni mimi. Nilikuwa nawauliza mafundi, "Juzi ulikula wapi? Na siku ile nyingine?" ili niwaonyeshe. Walinichukia. "Mpishi una wivu kama mke mkubwa!"

Mwenye sahani ya zambarau alikuwa Pius, fundi wa lipu kutoka Kigoma. Huyu alilipa kila mwezi na hakukosa kupotea. Kila aliposikia mahali pana dagaa wazuri, alikwenda. Nikamkalisha chini.

"Pius, unatupa pesa. Lipa kwa sahani, siku unayokuja."

"Mwezi ujao nitaacha."

"Ulisema mwezi uliopita."

"Basi mwezi ujao wa ule mwezi ujao. Tia pilipili."

Siku moja sahani ya zambarau ilibaki. Mama Zaina akaifunika. Jioni ikawa bado imefunikwa. Kesho yake ikabaki tena, akaifunika tena, lakini safari hii alisimama pale ameweka mkono juu ya kifuniko, haondoki.

"Dagaa gani wa siku mbili?" akasema. Kisha, "Salehe, vua hiyo aproni."

Chumba cha Pius kilikuwa cha kupanga, nyuma ya nyumba moja ambayo haijaisha kujengwa, kule Ihumwa. Niligonga, nikaita, nikasukuma. Alikuwa sakafuni, malaria imemlaza, mdomo umekauka, simu imezima, hajui ni asubuhi au jioni. Majirani walidhani amesafiri. Pamoja nao tukamkodia gari mpaka hospitali. Kule walisema kuchelewa zaidi kungekuwa habari nyingine, na mimi sikutaka kuuliza habari ipi.

Aliporudi bandani alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Akaketi, akageuza sahani yake akaangalia ile rangi, akanitazama.

"Salehe, ile hesabu yako umeshaipiga tena?"

"Bado unakula hasara," nikamwambia.

"Acha niile. Mle chumbani nani alinitafuta? Msimamizi alishaandika kibarua mwingine. Ni sahani ndiyo iliyonitafuta." Akavuta bakuli la pilipili. "Mimi hapa silipii chakula. Nalipia kufunikiwa."

Ujenzi ulipokwisha, mafundi walitawanyika, na banda lilikufa kifo cha kawaida, bila ubaya wa mtu. Mama Zaina alirudi Kondoa. Niliwahi kumfuata mara moja, basi likaharibika njiani, nikafika watu wameshakula na kusali. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinisogezea sahani iliyofunikwa. Sasa hayupo tena. Mimi nikipita karibu na stendi ya mabasi ya Kondoa naangalia pembeni.

Rehema aliacha kutazama foleni. "Ile sahani ya bati ya nyumbani," alisema, "yenye doa la zambarau kwa chini. Unayonifunikia nikichelewa kutoka kazini."

"Pius aliisahau."

"Nilidhani ni doa la wino."

Akainuka, akarudi dirishani, na safari hii sikumfuata, lakini nilimsikia maana binti yule alikuwa na sauti ya sokoni.

"Dada, mtoto akiwa yuko juu ya gurudumu na saa tisa ikapita, chakula chake mnamwekea?"

"Hapana dada yangu, kimepita."

"Na foleni ya gurudumu sasa hivi ni ndefu kiasi gani?"

Binti alichungulia. "Mchana huu? Ndefu. Ndiyo muda wake."

"Kwa hiyo muda wa kula na muda wa gurudumu ni mmoja."

Binti akacheka, akainamia dirisha. "Wewe dada unafanya kazi mamlaka ya mapato?"

"Swali la mwisho. Tukitoka nje tukala, tunaruhusiwa kurudi?"

"Mnapigwa muhuri mkononi."

Hilo la muhuri mimi nisingeliuliza. Miaka yote hiyo nyuma ya sufuria, na sikuwahi kufikiri kwamba mlango unaweza kufunguka pande mbili. Rehema alilipa kiingilio, akalipia gurudumu, akatutazama na uso wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Walipanda watatu, mimi nikabaki chini na viatu vyao. Mariamu, aliyelisubiri wiki nzima, alifumba macho toka chini mpaka juu na toka juu mpaka chini, ameng'ang'ania shingo ya dada yake. Alipotua alisema ameiona Dodoma yote. Isa akamuuliza nguo zilizoanikwa zilikuwa rangi gani. Wakapigana kidogo. Tulipofika karibu na mlango njaa ilikuwa imetushika sawasawa, na Rehema akasimama.

"Babu, tangulieni. Nakuja."

"Umesahau nini?"

Aliangalia pembeni kama mtoto. "Mariamu alinibana shingo, sikuona kitu. Ukiacha ya chakula, pesa ya tiketi moja imebaki. Nataka nipande mwenyewe."

Nikamwambia aende. Tukapigwa mihuri, tukavuka barabara. Yohana angeona kabla yangu: chini ya turubai la bluu kulikuwa na mama mmoja mwenye masufuria mawili na benchi, wali maharage, mchicha, na vipande vya nyama vichache vyenye heshima zao.

"Karibuni. Mko watatu?"

"Wanne, mama," nikasema. "Mmoja yuko kule juu."

Nikatoa pesa nikamlipa sahani nne palepale, kabla hatujaonja kitu. Isa aliniona. Akapiga makofi mpaka watu wakageuka.

"Babu amenunua mkanda! Babu amelipa kabla ya kula!"

Ni kweli nilikuwa nimelipa, nikacheka naye. Yule mama hakuuliza tunacheka nini. Alipakua sahani tatu akatupa. Akapakua ya nne, akaongeza kipande cha nyama, akatazama juu kule gurudumu lilipokuwa linazunguka taratibu na watu wadogo ndani yake. Kisha akachukua sahani nyingine safi, akafunika, akaiweka upande wangu wa benchi.

"Atakuta," alisema.

Nikaweka mkono juu ya kifuniko, kilikuwa cha moto, nikaanza kula kwa mkono mwingine.